Haki iwe, hesabu ziwasilishwe: mhadhara kwa makatibu wa sacco na vyama, Nairobi

Ndugu makatibu, wimbo wa taifa mnaujua kwa lugha zote mbili. Kwa Kiswahili tunaimba "haki iwe ngao na mlinzi". Kwa Kiingereza, "Justice be our shield and defender". Mbona si "is"? Kwa sababu hatutangazi kwamba haki tayari ni ngao yetu (hilo mtalijadili wakati wa chai). Tunaomba iwe. Hiyo "be" ndiyo "iwe" yenyewe.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu za mikutano, maana huko ndiko mambo huharibika. Mtu anaandika: "The committee recommended that the treasurer submits the accounts." Hebu iseme kwa Kiswahili kwanza: kamati ilipendekeza mweka hazina awasilishe hesabu. Umeisikia hiyo -e mwishoni? Basi kwenye Kiingereza ile "s" iondoe: "that the treasurer submit". Wala usibabaike kwa kuwa kamati ilikaa mwezi uliopita. "Submit" haibadiliki, kama "awasilishe" isivyobadilika. Ukikanusha, asitie sahihi ni "that he not sign", bila "does". Waingereza wengi wangeandika "should submit", nayo ni sahihi kabisa. Mimi napenda ile fupi.

Mwe macho na "insist". "She insists that he is honest": anashikilia kwamba ni mwaminifu. "She insists that he be honest": anamtaka awe mwaminifu. Kwenye kikao cha nidhamu, hapo pana kesi mbili tofauti.

Ila kipimo hiki kina mipaka, kwani -e yetu inafanya kazi nyingi. "Nataka aje" si "I want that he come". Ni "I want him to come". Mwambie aje, vilevile: "tell him to come". Kitumieni baada ya "recommend", "propose", "demand" na "it is essential that".

Na "if I were you"? Hapo ni -nge-: ningekuwa wewe. Lakini si kila "if" inadai "were". "If he was at yesterday's meeting, he signed the register": hujui kama alikuwepo, unakwenda kutazama daftari la mahudhurio. "Were" iwekeeni jambo lisilo kweli: "if he were the chairman", angekuwa mwenyekiti, na sote tunajua siye.