Mtulinga wa Lorenzo: siku tatu za Assen

Kabla sijasema lolote, kila mmoja aweke kidole hapa, chini ya shingo, kwenye huu mfupa unaotokeza. Ufuate polepole kuelekea begani. Umeusikia unavyopinda? Unakuja mbele kidogo, halafu unarudi nyuma, kama mtu alitaka kuandika herufi S akachoka katikati. Huo ndio mtulinga. Mkono wako mzima umeshikana na kiwiliwili, mfupa kwa mfupa, kupitia hapo peke yake. Kwingine kote ni misuli na kano.

Wangu ulivunjika nikiwa nimepakiwa bodaboda. Mvua ilikuwa imenyesha, mchanga umejaa kwenye kona, mimi nikatangulia, pikipiki ikanifuata. Niliwekwa bamba la kushikilia mfupa. Siku ya pili baada ya upasuaji nilishindwa kuminya dawa ya meno. Mke wangu aliniminyia, akacheka, nikakasirika, na hata kukasirika kuliuma.

Sasa shikeni hiyo habari ya dawa ya meno, tuitumie kama kipimo.

Mwaka 2013, mwishoni mwa Juni, mashindano ya dunia ya pikipiki ya MotoGP yalikuwa Assen, Uholanzi. Wapenzi wa mchezo huu wanaliita lile eneo kanisa kuu la pikipiki, na hawatanii: michuano ya dunia ilipoanza 1949, Assen ilikuwemo. Kwa desturi ya pale, mbio zilikuwa zinafanyika Jumamosi, hadi zilipohamia Jumapili mwaka 2016. Kwa hiyo wikiendi ya Assen ilikuwa inaanza Alhamisi kwa mazoezi.

Mtu wetu ni Jorge Lorenzo, Mhispania wa Mallorca, miaka 26, bingwa mtetezi, anaendesha Yamaha. Anafika Assen akiwa ametoka kushinda mara mbili mfululizo, Mugello na Catalunya. Dani Pedrosa anaongoza msimamo, lakini kwa pointi saba tu. Yaani mtu anakuja na upepo nyuma yake.

Alhamisi mchana ikanyesha. Lorenzo akateleza kwa kasi kubwa, akarushwa, mtulinga wa kushoto ukavunjika. Hapo kwa hesabu ya kawaida wikiendi imeisha. Jioni ileile akapandishwa ndege hadi Barcelona, na usiku wa kuamkia Ijumaa akalazwa kwenye meza ya upasuaji. Akapigwa nusu kaputi, akawekwa bamba la titani na skrubu zake. Wenzake Ijumaa wanagombea nafasi za kuanzia, yeye hayupo. Akapangiwa nafasi ya 12.

Na Ijumaa hiyohiyo akapanda ndege tena. Kurudi Assen.

Jumamosi asubuhi madaktari wa mashindano wakampima, wakamruhusu. Saa nane mchana akawa kwenye mstari. Tangu kisu kiingie begani mwake hazijatimia siku mbili. Mimi wakati huo, kumbukeni, nagombana na dawa ya meno.

Naomba hapa tukae kidogo, maana watu wanasimulia ushujaa wakaruka kazi yenyewe. Pikipiki hizi kwa kanuni za mwaka ule zilikuwa na uzito usiopungua kilo 160, na mwendo unapita kilomita 300 kwa saa. Dereva akiongeza mwendo, anavutwa nyuma, anashikilia. Akishika breki, mambo yanageuka: pikipiki inapunguza mwendo, mwili wake haujapata taarifa. Unataka kuendelea mbele. Kinachouzuia ni magoti yanayobana tangi, na mikono. Uzito wote unaokuja mbele unashuka kwenye viganja, unapanda viwiko, unafika begani, na kutoka begani kwenda kifuani njia ni moja, mmeigusa sasa hivi. Ni kama kupiga pushapu mtu mzima amekukalia mgongoni. Assen ina kona 18, na siku ile walizunguka mara 26. Hesabu hizo pushapu mwenyewe.

Bado kuna kubadili upande. Kutoka kona ya kulia kwenda ya kushoto pikipiki inalala huku, inainuka, inalala kule, na anayeilaza ni dereva kwa kusukuma usukani. Mkono unasukuma, mtulinga unapokea.

Alimaliza wa tano. Valentino Rossi alishinda, ushindi wake wa kwanza tangu Malaysia 2010, na uwanja ukalipuka kwa ajili yake. Marc Márquez, kijana wa miaka 20 aliyekuwa mwaka wake wa kwanza kwenye daraja hili, akawa wa pili, naye wikiendi hiyohiyo alikuwa ameanguka akaumia kidole cha mkono na cha mguu. Mnaona jinsi hawa watu walivyo. Cal Crutchlow wa tatu, Pedrosa wa nne. Maana yake Pedrosa, akiwa na mitulinga yote miwili mizima, alimzidi mgonjwa wetu pointi mbili tu: 13 kwa 11.

Wengi wakifika hapa wanafunga simulizi, wanapiga makofi. Mimi nafundisha watu kurudisha viungo kazini, kwa hiyo siwezi kuishia Assen.

Ningekuwa daktari wa zamu asubuhi ile ningemkatalia. Nasema hivyo nikijua kwamba ningezomewa. Siyo kwa sababu ya mbio zile, mbio zile alizimaliza, na hakuna ubishi na mtu aliyemaliza. Ni kwa sababu ya kilichoingia vichwani mwa kila mtu baada ya kumaliza. Mtu akishaendesha siku mbili baada ya upasuaji, nani tena atamwambia apumzike wiki ya pili? Bamba linashika vipande vya mfupa visiachane. Kuponya ni kazi ya mfupa wenyewe, na mfupa una kalenda yake, wiki sita na kuendelea, hausomi msimamo wa ligi. Wanafunzi wangu hapa mbele wanatabasamu kwa sababu wameshaisikia hii mara kumi.

Haya. Wiki mbili baadaye, Sachsenring, Ujerumani. Ijumaa, mazoezi ya pili. Lorenzo akaanguka tena, akaangukia bega lilelile. Bamba likapinda. Titani! Ndege tena, Barcelona tena, meza tena. Jumapili hakuendesha. Siku iliyofuata ile ajali Pedrosa naye akaanguka, naye mtulinga, naye hakuendesha. Viongozi wawili wa msimamo wako nje, Márquez akashinda, akachukua uongozi. Wiki iliyofuata, Laguna Seca kule California, akashinda tena, Lorenzo wa sita.

Baadaye mwaka ule Lorenzo aliendesha vizuri kupita maelezo. Silverstone, Misano, Phillip Island, Motegi, na ya mwisho Valencia, zote alishinda. Kwa msimu mzima alishinda mbio 8, Márquez 6. Ubingwa ukaenda kwa Márquez, pointi 334 kwa 330.

Nne. Mzee mmoja hapa nyuma anatikisa kichwa, naelewa. Atasema: mwalimu, bila zile 11 za Assen tofauti ingekuwa 15, kwa hiyo alikuwa sahihi kuendesha. Ni hoja nzuri, na kwenye karatasi inashinda. Lakini karatasi hiyohiyo ina safu ya Sachsenring yenye sifuri. Nafasi ya 11 inatoa pointi tano. Angejikokota Ujerumani akamaliza wa 11, nyuma ya watu ambao siku ya kawaida hata hawaoni mgongo wake, angekuwa na 335. Alianguka akitafuta mwendo wa bingwa siku ya mazoezi, na bega la wiki mbili. Mimi simlaumu sana. Mtu aliyepewa wa tano kwa mfupa uliovunjika, utamshawishi vipi kwamba wa 11 inatosha?

Sasa, nimekuja na kitu mfukoni. Hili ni bamba langu, nililitolewa mwaka mmoja na nusu baada ya ile ajali, daktari akaniuliza kama nalitaka, nikasema nimelilipia. Na lenyewe ni titani. Limeoshwa, msiogope, na matundu hayo ni ya skrubu. Lianzie safu hii, lizunguke hadi nyuma. Shikeni ncha zote mbili, mjaribu kulipinda kwa mikono, na likishanirudia tutaanza maswali.