Jinsi ya Kuitambua Porsche Carrera RS 2.7 Nyepesi

Mtazamaji, gari hili, ambalo ni toleo la Porsche 911, lilioneshwa mara ya kwanza Paris, Oktoba 1972. Porsche walihitaji kuunda magari 500 ili waruhusiwe kushindana nalo; wanunuzi wakaligombania hadi yakafika 1,580. Mepesi, yenye msimbo wa kiwandani M471, ni 200 tu. Mengi ni M472, yaani Touring, yanayozidi uzito kwa takriban kilo 100. Ndiyo maana wapo wanaoivua Touring vitu vyake na kuiuza kama nyepesi. Twende tukague.

Kwanza, fungua buti. Liko mbele, maana injini iko nyuma. Inua kapeti, usome nambari ya chasisi iliyogongwa kwenye bati. Ni lazima ianze na 911360. Ikianza vingine, funga, hiyo si RS.

Pili, fungua mlango kwa ndani. Hakuna kitasa cha kawaida, unavuta kamba. Kiti cha nyuma hakipo, saa ya dashibodi haipo, kizuia jua cha abiria hakipo. Yote haya yanapendeza, lakini mtu mwenye spana anaweza kuyaondoa kwa mchana mmoja, kwa hiyo usiyategemee peke yake.

Tatu, zunguka nyuma. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa usikwaruze rangi, iguse bampa ya nyuma. Kwenye nyepesi hainati, kwa sababu bampa ni ya faiba. Hapo juu ndipo ulipo mkia wa bata. Tuutazame vizuri: 911 ikienda kasi, upepo huinyanyua sehemu ya nyuma, na kibao hiki kidogo huizuia isinyanyuke. Kwangu mimi ndicho kipande kizuri kuliko vyote kwenye gari hili. Rimu nazo hazilingani: mbele inchi 6, nyuma 7.

Carrera RS ilifika hadi kwetu. Safari Rally ya 1974, Björn Waldegård aliiendesha akashika nafasi ya pili, nyuma ya Joginder Singh wa Kenya aliyekuwa na Mitsubishi.

Nne, injini: sentimita za ujazo 2,687, nguvu farasi 210, hupozwa kwa hewa. Andika nambari yake, kisha mwombe muuzaji karatasi za kiwanda. Nambari zilingane, na msimbo uwe M471. Asipokuwa nazo, lipa bei ya Touring, usiongeze hata senti.