Farasi, mbu na shimo la choo

Ndugu zangu wenye farasi na punda, nanyi vijana mnaopandisha wageni farasi ufuoni Nyali na Bamburi, karibuni. Farasi akiyumba, wengi hukimbilia kumtenga na wenzake. Kama ni virusi vya West Nile, havikutoka kwa farasi mwenzake.

Virusi hivi, vilivyotambuliwa Uganda mwaka 1937, makao yake ni ndege. Mbu jike wa aina ya kuleksi humfyonza ndege damu iliyojaa virusi, lakini hawezi kuviambukiza papo hapo. Sharti kwanza vizaliane kwenye ukuta wa utumbo wake, vipenye hadi tezi za mate. Hilo huchukua kama wiki moja hadi mbili, na joto huliharakisha. Baada ya hapo, akiuma hutema mate ya kuzuia damu isigande, na virusi vimo humo.

Kwa farasi njia inakatika: damu yake haiwi na virusi vya kutosha kumwambukiza mbu mwingine. Basi msimuue kwa hofu. Mtazameni midomo na shingo, misuli hucheza yenyewe. Miguu ya nyuma hulegea, na hali ikizidi hushindwa kusimama. Wanaofikia dalili hizo, takriban mmoja kati ya watatu hufa. Dawa ya kuua virusi hivyo hakuna. Chanjo ya farasi ipo, sindano mbili kwa kuanzia, kisha hurudiwa kila mwaka.

(Ule ugonjwa wa farasi wa Afrika ni mambo mengine: huletwa na usubi, mdogo kiasi cha kupenya chandarua cha kawaida.)

Sasa maji. Kuleksi wa mjini hupenda maji machafu, hasa shimo la choo. Hutaga mayai 100 hadi 300 yaliyoshikana, yakaelea. Kwa joto letu, siku saba hadi kumi mbu wameruka. Kwa hiyo hori la maji limwagwe lote na kusuguliwa mara mbili kwa wiki. Kuongeza maji juu ya yaliyobaki hakusaidii, viluwiluwi hubaki chini. Shimo lizibwe nyufa za kifuniko, na bomba la hewa livishwe wavu.

Makunduchi, Unguja, walimwaga shimoni chembe za polisterini, yaani punje ndogo nyepesi za plastiki. Zinatanda juu ya maji, kiluwiluwi hapati pa kuvutia hewa, na mbu hapati pa kutagia. Kasoro yake ni mafuriko: masika shimo likifurika, chembe huchukuliwa na maji. Mvua ikikatika, fungueni mtazame. Palipo wazi, ongezeni.