Umefikisha vingapi?

Wakubwa, shikamooni. Vijana, hamjambo. Wengine mmeshanisikia nikilisema hili hapa hapa Tabora, na mtanisikia tena, maana kila Januari anaibuka mtu na daftari jipya: "Mwaka huu nasoma vitabu hamsini." Hamsini! Kwa nini si arobaini na tisa? Nani kakutuma?

Sina ugomvi na malengo. Ugomvi wangu unaanza pale lengo linapokuchagulia cha kusoma. Hadithi fupi ina kurasa kumi na mbili, haihesabiki, basi mtu anaikwepa. Au anaubugia mkusanyiko mzima jioni moja, hadithi mfululizo, wahusika wamemchanganyikia kichwani, ili mradi aandike "kimoja".

Mfano wangu ni ule ule wa treni, mnivumilie. Kando yangu alikaa mama mmoja anakwenda Kigoma kuchukua dagaa. Mkononi ana kitabu cha hadithi fupi, jalada lilishang'oka, amekivika gazeti. Tulipotoka Urambo akaanza hadithi moja. Hatujafika Kaliua, keshamaliza. Nikangoja aingie inayofuata. Wapi! Akaacha kidole ukurasani, akatazama miombo dirishani, kisha akarudi mwanzo, akaisoma ile ile, taratibu, na sasa akacheka mahali ambapo mwanzo hakucheka. Nikashindwa kujizuia: mama, mbona unarudia? Akasema, "Sasa najua yule mume alikuwa mwongo toka mwanzo. Nataka nimwone anavyodanganya."

Jamani! Nimekaa kwenye semina za fasihi mpaka kiuno kikauma, sijasikia mtu akiieleza hadithi fupi vizuri kuliko hivyo. Mwandishi wake hana nafasi ya kufafanua, kwa hiyo mengi anayaficha, na aliyesoma mara moja kaona nusu. Hadithi ya pili mama yule hakuigusa mpaka tulipoipita Nguruka. Kwenye daftari lako la hamsini, angepata sifuri.

Kuna anayenong'ona pale kwamba hadithi fupi ni mazoezi tu, mtu anajinoa kabla ya riwaya. Alice Munro wa Kanada alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2013 kwa hadithi fupi hizo hizo. Chekhov, yule mwandishi wa Urusi, alikuwa daktari, akafa mwaka 1904 akiwa na miaka 44, bila riwaya kubwa ya kumbeba, na mpaka leo waandishi wa hadithi fupi wanapimwa kwake. Mazoezi gani hayo?

Mwingine ataniambia, "Bila lengo sisomi kabisa." Sawa, weka. Ila hesabu hadithi badala ya vitabu, na ile usiyoweza kumsimulia mtu jikoni bila kufungua kitabu, usiiandike. Mwalimu Nyerere, aliyesoma shule hapa kwenu, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, ya kwanza ikatoka 1963, ya pili 1969, nchi nzima ikiwa mabegani mwake. Mtu wa namna hiyo aliisoma sentensi moja mara ngapi? Kwenye daftari, hivyo ni viwili tu.

Nilitaka kuzungumzia kusoma kwa sauti nyumbani, lakini mwenyekiti ameshanikodolea macho. Na bei ya vitabu, najua mtaniuliza: changeni watu watano, nunueni mkusanyiko mmoja, kila mmoja akae nao wiki moja. Msiuchane tu. Haya, mwenye swali.