Nusu ya Hadithi: Urithi na Biashara ya Outspan na Treetops, Nyeri

Hamjambo nyote. Nawashukuru walioniita, na nawashukuru zaidi wazee wetu mlioketi safu ya mbele, maana mengi nitakayoyasema leo mnayajua kuliko mimi.

Mada niliyopewa ni uendeshaji wa hoteli kongwe za milimani zilizojengwa enzi za mkoloni. Kenya tunazo kadhaa. Mimi nitabaki Nyeri, tena na mbili tu: Outspan na mwenzake wa msituni, Treetops. Ukizielewa hizi mbili, nyingine utazisoma mwenyewe.

Tuanze na swali la mfanyabiashara. Nyeri iko kilomita 150 hivi kutoka Nairobi. Bahari haina. Mwezi wa Julai ukungu hushuka, baridi ikawa ya kuvaa koti mchana. Anayetafuta simba huenda Mara, anayetafuta jua huenda Diani. Basi mgeni wa London au Tokyo alifuata nini huku, tangu siku za walowezi? Jibu langu, na ndilo nitakalolitetea leo, ni kwamba mgeni huyu alikuwa analipia hadithi. Chumba na chakula angevipata popote. Na hadithi aliyouziwa miaka yote ilikuwa nusu.

Aliyeanzisha Outspan ni Eric Sherbrooke Walker, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi na Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, katika siku za mwanzo za harakati hiyo. Alikuwa rubani katika Vita Vikuu vya Kwanza, akatekwa na Wajerumani. Baadaye alitafuta fedha kwa kuingiza pombe Marekani kwa magendo wakati serikali ya huko ilipoipiga marufuku. Mkewe, Lady Bettie Feilding, alikuwa binti wa lodi. Hoteli ilifunguliwa mwaka 1928, juu ya bonde la mto Chania, ikitazama Mlima Kenya. Mji wenyewe ulikuwa mchanga: Waingereza waliweka kituo chao cha kijeshi Nyeri mwaka 1902, baada ya kuwapiga wenyeji kwa bunduki. Upande mmoja wa mji ukawa eneo walilotengewa na kubanwa Wakikuyu, upande mwingine mashamba ya walowezi. Hoteli ikakaa katikati, ikihudumia upande mmoja na kuajiri kutoka upande wa pili. Mpishi, dobi, mtunza bustani, mpagazi, wote walikuwa watu wa hapa, na kila mwanamume Mwafrika alitembea na kipande chake shingoni, yaani kile kitambulisho cha kazi alicholazimishwa na serikali. Hilo lishikeni, tutalihitaji.

Mwaka 1932 Walker na mkewe walijenga kibanda cha vyumba viwili juu ya mti wa mugumo, ndani ya msitu wa Aberdare, kando ya kidimbwi ambacho wanyama walikuja kunywa maji na kulamba chumvi. Hapo biashara ilikaa sawa. Tazameni jinsi ilivyopangwa, maana ni darasa zima la uendeshaji. Mgeni alifika Outspan asubuhi. Akala chakula cha mchana Outspan. Akaacha gari na masanduku yake Outspan, akachukua kifuko kidogo chenye sweta na vazi la kulalia. Alasiri akapandishwa msituni kwa gari la hoteli. Mwisho wa barabara alishuka, akatembea kwa miguu nyuma ya mwindaji mwenye bunduki, kimya kimya, na kando ya njia kulikuwa na ngazi zilizopigiliwa kwenye miti ili watu wapande haraka ikiwa nyati au faru angejitokeza. Akalala juu ya mti usiku mmoja, au tuseme akakesha. Asubuhi akarudishwa Outspan kwa kifungua kinywa.

Kwa hiyo kibanda cha vyumba viwili, kisichokuwa na nafasi ya kumlaza hata mgeni wa kumi, kiliilisha hoteli nzima kule chini. Uchache wa vitanda ukawa sehemu ya bei. Msitu ulikuwa sebule, na hawakulipia kuipamba. Wengine waliiga mpango huo huo baadaye: The Ark, mwishoni mwa miaka ya 60, nayo huwapokea wageni wake Mweiga kwanza kabla ya kuwapeleka msituni. Mpaka leo katika hoteli za namna hii utakuta kengele chumbani, na mgeni huambiwa mlio upi ni wa chui, upi wa ndovu, upi wa faru, achague yupi wa kumwamsha usingizini. Mimi naona ni ubunifu mkubwa sana wa huduma, na hauhitaji mtambo wa gharama.

Sasa tufike 1952. Binti Mfalme Elizabeth na mumewe Philip walilala Treetops usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari. Jim Corbett, yule mwindaji mashuhuri wa chui na simbamarara wa India, wakati huo akiishi Nyeri, alikuwa pamoja nao, na inasimuliwa kwamba alikesha kwenye ngazi na bunduki yake. Usiku huo huo Mfalme George wa Sita alifariki akiwa usingizini huko Uingereza. Corbett ndiye aliyeandika katika kitabu cha wageni yale maneno yaliyoitajirisha hoteli: kwamba msichana alipanda mti akiwa binti mfalme na kushuka akiwa malkia.

Nyinyi mtakaowaongoza wageni, lisemeni hili kwa usahihi. Wakati anashuka kwenye ule mti hakuna aliyejua lolote. Walirudi Sagana Lodge, nyumba waliyopewa na Kenya kama zawadi ya harusi, na huko ndiko Philip alikomwambia kwamba baba yake amefariki. Nyumba hiyo ilirudishwa kwa Kenya wakati wa uhuru, na leo ni Ikulu ndogo ya Sagana. Mgeni anayefika Treetops akitaka kuona mahali habari ilipomfikia malkia amekosea njia kwa kilomita kadhaa. Ukimwambia ukweli hutampunguzia raha. Utamwongezea sehemu ya pili ya kutembelea.

Tarehe 20 Oktoba mwaka ule ule, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Msitu uliokuwa sebule ya wageni ukawa nyumba ya wapiganaji wa Mau Mau, waliopigana na utawala wa mkoloni. Treetops ilitumiwa na askari wa serikali kama kituo cha kuchungulia, na mwaka 1954 wapiganaji wakaichoma. Ule mugumo nao uliungua. Ndege za kivita za Uingereza ziliangusha mabomu katika msitu huu huu wa Aberdare. Kiongozi wao, Dedan Kimathi, alikamatwa ukingoni mwa msitu, hapa Nyeri, tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Na mwaka huo huo wa 1957 Treetops ilijengwa upya, kubwa zaidi, juu ya nguzo, upande wa pili wa kidimbwi.

Nataka tukae kidogo na huo mwaka wa 1957. Kimathi ananyongwa Februari. Mwaka haujaisha, vitanda vinatandikwa tena msituni alikopigania. Hali ya hatari haijaondolewa, itaondolewa 1960. Maelfu ya watu wa Mkoa wa Kati wamo kambini au katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Nani alipasua mbao za hoteli ile mpya? Nani alizipandisha? Wakuu wa familia za eneo hili walikuwa wapi mafundi walipohitajika? Mimi mwanahistoria ningelala njaa ili nipate majibu ya maswali hayo matatu. Naamini mgeni wa leo naye angeyasikiliza kwa makini kuliko habari ya sahani aliyolia malkia.

Tena kuna mugumo wenyewe. Kwa Wagikuyu huo ni mti wa ibada. Chini yake wazee walichinja na kuomba wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, na mtu hakuukata ovyo. Mnaujua utabiri wa Mugo wa Kibiro, yule nabii wa Wagikuyu, kuhusu mugumo wa Thika, kwamba utawala wa mgeni utaisha siku mti ule utakapoanguka, na Waingereza wakauzungushia chuma na saruji, ukaanguka 1963. Sasa fikirieni: mgeni amelipa fedha nyingi alale mahali penye sifa ya mugumo, na vitabu vya safari vinamwambia kwamba mti ule ulikuwa na maana kwa sababu ya mtu mmoja aliyelala juu yake usiku mmoja. Watu wa hapa waliuheshimu kabla nyanya wa Walker hajazaliwa. Hiyo ni bidhaa iliyofungiwa stoo.

Nisiwe wa kulaumu upande mmoja. Urithi wa wageni nao ni urithi, na unaingiza fedha. Baden-Powell alihamia Nyeri mwaka 1938, akajengewa nyumba ndogo katika uwanja wa Outspan, akaiita Paxtu, akafia humo tarehe 8 Januari 1941. Corbett na dada yake wakaishi humo baadaye. Wote wawili, Baden-Powell na Corbett, wamezikwa makaburi ya St. Peter's, mwendo mfupi tu kutoka hotelini. Harakati za Skauti zina wanachama zaidi ya milioni 50 duniani, na kila Februari, karibu na tarehe 22, Nyeri hujaa skafu za rangi zote. Hakuna tangazo linaloweza kununua soko kama hilo. Lakini mteja huyu ni kijana, ana bajeti ndogo, anatembea na kikundi, anataka kupiga hema na kuimba. Hoteli iliyozoea wanandoa wazee wa kunywa chai barazani inabidi ijifunze kumpokea bila kumwona mzigo.

Upande wa gharama nitapita haraka, mwalimu wenu wa hesabu atawafafanulia. Jengo la mbao hudai fundi kila mwaka. Meko zinataka kuni, nyasi zinataka mkono, paa linataka macho kila baada ya masika. Juu ya mauzo kuna kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2. Hoteli iliyo ndani ya hifadhi ya taifa kama Treetops ina mzigo mwingine: mgeni hulipa kiingilio cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, juu ya bei ya kitanda, na mteja wa nje hulipa kwa dola. Akijumlisha, anaanza kulinganisha na Mara. Janga la korona lilipofunga viwanja vya ndege, Treetops ilifunga milango mwaka 2021, na vyombo vya habari vya dunia vikaandika kana kwamba aliyefariki ni mtu.

Na barabara. Upanuzi wa ile ya Kenol hadi Marua unamfikisha mtu wa Nairobi Nyeri kwa muda mfupi zaidi, jambo jema, ila anayefika upesi anaweza kurudi upesi vile vile. Akila chakula cha mchana na kugeuza gari, umepata mauzo ya meza, umekosa mauzo ya kitanda. Ndiyo sababu harusi na warsha za serikali za kaunti zimekuwa nguzo ya hoteli nyingi za milimani. Warsha hulipa mishahara. Lakini watu wa warsha wangekuja kwenye ukumbi wowote wenye projekta, na kesho ukumbi mpya ukijengwa kando ya barabara kuu watahamia huko.

Kuna jambo moja la mazingira ambalo siwezi kuliruka. Chumvi iliyowekwa kidimbwini ili wanyama wasikose kuonekana ilivuta ndovu wengi mno mahali pamoja, miaka nenda miaka rudi. Ndovu huangusha miti. Picha za zamani zinaonyesha msitu mzito ukikizunguka kidimbwi. Za baadaye zinaonyesha uwanja mtupu. Hoteli ya mtini ilibaki haina miti. Uzio wa umeme wa karibu kilomita 400, uliokamilishwa mwaka 2009 chini ya shirika la hisani la Rhino Ark, umeokoa mashamba ya watu na wanyama pia, lakini ndovu waliofungiwa ndani hawana pa kupumzishia msitu. Atakayeendesha hoteli kama hii inabidi akubali usiku mwingine mgeni aone paa wawili tu na fisi, na awe na msimulizi wa kuujaza usiku huo.

Na msimulizi ndipo fedha zilipo. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari jumla ya pauni milioni 19.9. Wajukuu wa watu waliolala Treetops wamesoma habari hizo. Wanakuja na maswali ambayo babu zao hawakuuliza. Mwongozaji anayeweza kusimama kidimbwini akasema hapa alilala binti mfalme, na hawa ndio waliopachoma na sababu yao ilikuwa hii, atamfanya mgeni alale usiku wa pili. Mimi nimewaona wageni wa namna hiyo. Huacha simu mezani, wakauliza mpaka meko yazime.

Kwa hiyo nina ombi la kazi, si la heshima. Aliyekuwa na miaka 18 Treetops ilipoungua sasa amepita 85. Msisubiri utafiti wa kulipwa. Nendeni Tetu, nendeni Mweiga na Kiganjo na simu zenu, mtafute waliofua mashuka, waliobeba masanduku, waliochota maji, na waliokuwa upande ule mwingine wa msitu. Rekodini kwa lugha wanayoitaka wao. Andikeni jina, kijiji na mwaka, muulize ruhusa kabla ya kuitumia sauti ya mtu, na mkubaliane mapema: hoteli ikiitumia simulizi hiyo, mzee au familia yake inapata fungu gani. Wenye hoteli watauliza kama inalipa. Waonyesheni usiku wa pili kwenye kitabu cha mapokezi.

Naona mzee pale mbele ameinua mkono tangu nilipotaja mahandaki. Mpelekeeni kipaza sauti.