Kifua Wazi: Shokapu Laini au Resi Kali?

Mhadhara kwa vijana wa bodaboda na wanunuzi wa pikipiki, Mtwara mjini, msimu wa korosho

Wazee wangu shikamooni. Vijana, hamjambo. Nimepewa dakika 40, na nje naona pikipiki zimepangwa chini ya mwembe kama zinasubiri kumpokea bwana harusi, kwa hiyo sitawachosha.

Minada ya korosho imeshaanza. Kila mwaka pesa hiyo ikiingia, mji unajaa pikipiki mpya ambazo siti bado zina nailoni, na mwenyewe haitoi hata ikichanika. Wengi mnanunua Boxer na TVS za kazi, na hilo sina ugomvi nalo. Ila miaka hii nawaona vijana wanaotaka kitu kingine. Mmoja anataka Pulsar, mwingine Apache, na mara mojamoja aliyejaliwa huko Dar anarudi nyumbani na KTM Duke au Yamaha MT-07. Ni pikipiki za lami zisizo na kava. Injini iko nje kila mtu anaiona, tangi limetuna, taa imekaa mbele peke yake. Wazungu wanaziita pikipiki zilizo uchi. Sisi watu wa pwani tuna haya, basi mimi huziita kifua wazi, na leo mtanivumilia.

Nitazungumzia kasoro mbili tu, shokapu na resi. Nazichagua hizo kwa sababu kifua wazi inauzwa kwa injini yake. Mtengenezaji anayetaka akupe injini tamu kwa bei unayoiweza lazima abane mahali, na atabana pale usipopaona dukani. Rangi unaiona. Sauti unaisikia. Shokapu, na namna injini inavyopokea mafuta ukizungusha mkono, utavijua ukiwa umeshapita Mingoyo na risiti iko mfukoni.

Mimi nilivijulia hivyohivyo. Nilinunua kifua wazi ya cc 200 Dar es Salaam, duka silitaji, nikaipanda mpaka hapa. Niko peke yangu, lami imenyooka, sikuona ubaya. Kesho yake nikampakia mama watoto kwenda Mikindani. Tuta la kwanza nikafunga resi, kofia yake ikagonga yangu kwa nyuma, ko! Nikafungua resi, akavutwa nyuma, akanishika mabega. Tuta la pili, ko! Mpaka tunafika nilikuwa nimeacha kuhesabu. Akavua kofia, akanitazama, akasema, "Baba watoto, hii pikipiki unaiendesha au inakuendesha?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nimekuja nalo leo.

Tuanze na shokapu. Ina kazi mbili na watu huzichanganya. Springi inabeba mzigo, oili inaituliza springi. Springi peke yake haina akili. Ukiikandamiza itarudi, itapitiliza, itashuka tena, kama kitanda cha springi akirukia mtoto. Ndani ya shokapu oili inalazimishwa kupita kwenye matundu madogo, na ugumu ule wa kupita ndio unaoua mdundo.

Sasa, kwenye pikipiki nyingi za bei ya kawaida, matundu ya shokapu za mbele hayabadiliki, ni yaleyale kwa kila hali. Ukiwa kwenye mawimbi ya polepole ya lami, oili inapita kirahisi mno na pikipiki inaogelea. Ukigonga rasta, vile vituta vidogo vilivyopangwa mfululizo barabarani, au shimo lenye ukingo mkali, oili inatakiwa ipite ghafla, tundu halitoshi, shokapu inageuka nondo na pigo lote linaishia viganjani. Ndiyo maana mtu anaweza kulalamika kwamba pikipiki hiyohiyo ni laini na pia ni ngumu, na asiwe mwongo. MT-07 ilipotoka 2014 ilisifiwa sana kwa injini yake ya cc 689, na shokapu zake zikasemwa sana kwa ulaini.

Dawa yake ipo, na nyingine ziko kwa fundi wa mtaani. Oili ya shokapu ikizeeka inakuwa nyepesi, ibadilishwe. Ukitaka ugumu kidogo, panda hatua moja, kama ulikuwa na namba 10 weka 15, kisha ujaribu. Nimewaona mafundi wanaomimina oili ya injini, ile 40, eti iwe ngumu. Inakuwa ngumu kweli. Ukipita kwenye rasta utadhani umeshika nyundo ya kuvunjia kokoto.

Na ile pete ya nyuma yenye vidato, mara nyingi vidato 5, ambayo kila kijana hukimbilia kuikaza: kuikaza hakuifanyi springi iwe ngumu. Springi ni ileile. Unachofanya ni kuinyanyua pikipiki isikae chini sana ukipakia mtu. Ni kazi nzuri, lakini pikipiki inayodunda itaendelea kudunda, sasa ikiwa juu zaidi.

Resi nayo siku hizi iko ya aina mbili. Kuna ya waya, mnayoijua, na kuna ya umeme, ambapo mkono wako unazungusha kifaa kinachopeleka taarifa kwenye kompyuta, halafu kompyuta ndiyo inaamua ifungue kiasi gani. Wewe unaomba, yenyewe inatoa. KTM 390 Duke imekuwa na mfumo huo tangu 2017.

Lakini kabla hujailaumu kompyuta, chuchumaa utazame cheni. Cheni iliyolegea hudanganya watu wengi. Ukifungua resi, injini kwanza inamaliza ulegevu wa cheni, halafu ndipo inaikamata gurudumu, tena kwa kishindo. Kwa pikipiki nyingi za mtaani, mchezo wa cheni katikati ni milimita 25 hadi 35. Tazama pia waya wa resi, mkono uzunguke milimita chache hivi, 2 mpaka 5, kabla injini haijasikia. Ukizidi hapo unakuwa unazungusha hewa, kisha ghafla unapata moto wote. Pikipiki yangu ile, cheni na waya vilikuwa nusu ya ugonjwa. Vilipona kwa spana mbili, asubuhi moja, kwa gharama ya chai.

Nusu iliyobaki haikupona. Pikipiki zenye injekta, ukifunga resi kabisa huku unatembea, kompyuta hukata mafuta ili yasiungue bure. Ukifungua tena, mafuta yanarudi, na kama hayakupangwa vizuri yanarudi kwa kushtuka. Ongeza na sheria za moshi, za Ulaya na zile za India zilizokazwa Aprili 2020, zinazowalazimisha watengenezaji kupima mafuta kwa kijiko cha dawa. Injini inayopewa mafuta machache kwenye resi ndogo huwa na hasira. Kabureta ilikuwa na uchafu wake, ila ilikuwa na upole.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Tunazungumza kana kwamba shokapu ni shauri la magurudumu na resi ni shauri la injini. Ukishampakia mtu, mambo hayo mawili yanashikana mikono. Resi inashtuka, uzito unatupwa nyuma. Shokapu laini ya nyuma inabonyea, ya mbele inanyanyuka. Kwa kuwa ni kifua wazi, umekaa wima, upepo unakusukuma, unajishikilia kwenye usukani. Mkono unavutika na mwili, na mkono huo ndio umeshika resi. Unafungua zaidi bila kukusudia, unashtuka, unafunga, pua inazama. Unafungua, inapaa. Hapo pikipiki inakuendesha, mama watoto.

Mfano unaojulikana duniani ni Yamaha MT-09 ya mwanzo, silinda 3, cc 847. Injini waliipenda karibu wote walioijaribu. Lakini kwenye hali ya resi kali iliyopewa herufi A ilishtuka, na shokapu zilikuwa laini kwa nguvu ile. Kasoro mbili ndogo zikafanya kasoro moja kubwa. Yamaha wenyewe hawakukaa kimya. Upangaji wa resi ulilainishwa, na toleo la 2017 likaja na shokapu za mbele zenye kurekebishika zaidi. Aliyekuwa na ile ya kwanza alikuwa na njia rahisi, kubonyeza kitufe aende kwenye hali ya B, ya upole. Wengi hawakubonyeza. B inaonekana ya wazee.

Ukilazimika kuchagua kasoro moja, basi, uchague ipi?

Mimi nachagua shokapu laini, kila siku. Shokapu mbovu unaweza kuikimbia. Ikianza kuogelea kwenye 90, shuka 70, imetulia. Resi mbovu haikimbiliki, maana yenyewe inakufuata kwenye mwendo wa polepole, mahali penye watu. Iko sokoni unapopenya kati ya mikokoteni. Iko kwenye mchanga wa njia za mashambani, ambapo gurudumu la nyuma likishtuliwa kidogo tu linachimba na kuteleza. Iko kwenye kona za mteremko kutoka Newala kushuka kuelekea Masasi, umefunga resi, umelala na kona, na sasa lazima ufungue. Hapo ndipo usipotaka mtu wa kukusukuma mgongoni.

Halafu kuna fundi. Shokapu ni chuma, springi na oili, na Mtwara chuma tunakiweza. Resi ya waya nayo tunaiweza. Resi ya umeme iliyopangwa vibaya inataka kompyuta na mtu anayeijua, na kwa wengi wetu hiyo ni safari ya Dar. Kununua kifua wazi yenye resi ya namna hiyo kwa matumaini kwamba "nitaizoea" ni kuuza korosho kwa kangomba, kwa mlanguzi wa kificho nje ya mnada. Raha unaipata leo, hasara unaivuna baadaye.

Ila siyo kwa kila mtu. Kama wewe kazi yako ni lami ndefu, Mtwara na Lindi kwenda na kurudi na mzigo nyuma, hesabu inageuka. Resi kali utaigusa mara chache, shokapu laini utaishi nayo safari nzima. Mpimie mtu barabara yake.

Naona mkono kule nyuma. Kijana anauliza, je, mtu asitembee tu na gia kubwa? Swali zuri. Ndiyo, inasaidia. Gia ya 3 badala ya ya 2, mshtuko unapungua. Kinachosaidia zaidi ni kugusa breki ya nyuma kidogo sana wakati unafungua resi, ili cheni isipate nafasi ya kulegea na kukamata. Vidole viwili vikae kwenye klachi. Lakini sikiliza unachoniambia, kijana wangu. Unanipa mbinu za kuishi na mgonjwa. Ukiwa bado dukani, hujamuoa.

Mzee wangu hapa mbele anasema yeye anapanda nyuma tu, akague nini? Mzee, wewe ndiye kipimo chenyewe. Hesabu kofia yako inagonga ya dereva mara ngapi. Dereva mwenyewe hajisikii, ameshika usukani. Kijana akienda kununua, ni heri aende na mtu wa kupakia, siyo peke yake.

Na akiwa dukani, hata kama muuzaji hataki iendeshwe, kuna mambo ayafanye palepale. Ashike breki ya mbele, akandamize usukani kwa nguvu, aachie. Inatakiwa ipande mara moja, itulie. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, oili haifanyi kazi. Injini iwe imepata moto, maana ya baridi ina tabia nyingine. Ikiwa inaunguruma polepole, ageuze usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Resi ikipanda yenyewe, waya umepitishwa vibaya, na hiyo siku moja itakuondoa barabarani wakati unageuza. Akiruhusiwa kuiendesha hata uani, gia ya 2, mwendo wa mtu anayekimbia, afunge na kufungua resi mara 10. Mara ya kwanza mkono unajihami. Ile ya saba, ya nane, ndiyo inasema kweli.

Kipimo cha mwisho nitawaonyesha nje, kinataka rababendi na rula. Tunaifunga rababendi kwenye bomba la shokapu ya mbele, tunaisukuma chini mpaka kwenye sili. Mwenye pikipiki anakaa, wawili wanaishika isianguke, anashuka taratibu, tunainyanyua pua mpaka gurudumu la mbele lining'inie, kisha tunapima rababendi iko umbali gani na sili. Ikiwa shokapu ina mwendo wa milimita 120, tunatafuta kama thuluthi yake, 35 hadi 40. Ikifika 60, springi haimtoshi huyo bwana, au bwana amependa ugali.

Nani ana rababendi? Haya, tutoke. Tuanze na ile nyekundu yenye nailoni kwenye siti.