Kanada inakuwa jimbo la Marekani? Najibu nikiwa Windsor

Haya, niko ndani ya gari, hita inaunguruma, mnivumilie sauti. Nina dakika ishirini kabla ya shifti. Hili swali nililikwepa mpaka likageuka matusi: "Dada, hiyo Kanada yenu si inamezwa na Trump? Mwanangu aendelee kuomba chuo au aache?" Nilipokaa kimya mmoja akaandika, "Hajibu, keshapewa pasipoti anajifanya Mzungu." Ndugu yangu, pasipoti sina. Nina kibali cha kazi kinachokaribia kuisha, na kila nikifungua akaunti naambiwa ombi lako linashughulikiwa. Nikieleza maisha ya hapa mnasema najisifu, nikisema ukweli mnasema nalia njaa. Leo chagueni wenyewe.

Maneno ya Trump kwamba Kanada iwe jimbo la 51 la Marekani mmeyasikia, siyarudii. Mimi nakaa Windsor, Ontario. Ng'ambo ya mto ni Detroit, naiona kama mtu wa Kigamboni anavyoiona Posta. Kituko ni kwamba ukiwa hapa, Marekani iko upande wa kaskazini, ramani imejikunja. Katikati kuna Daraja la Ambassador, linalopitisha karibu robo ya biashara ya nchi hizi mbili. Kipuri kimoja cha gari kinaweza kuvuka mpaka mara kadhaa kabla gari halijawaka. Na mimi nafanya kazi kwenye vipuri. Machi 4, 2025 ushuru wa Trump wa asilimia 25 kwa bidhaa za Kanada ulipoanza, siku mbili baadaye ukalegezwa kwa bidhaa zinazofuata mkataba wa biashara wa nchi hizi mbili na Meksiko. Aprili yakaguswa magari, Juni chuma na aluminiamu vikapanda hadi asilimia 50. Kwetu siku tano za kazi zikawa tatu. Mwezi huo sikutuma hela nyumbani, shemeji yangu akatangaza kwenye kikao cha familia kwamba nimebadilika. Shemeji, kama unaangalia, nimebadilika ndiyo, nimekonda.

Sasa serikali ifanyeje? Karibu robo tatu ya bidhaa ambazo Kanada inauza nje zinakwenda kwa mnunuzi mmoja. Mama yangu pale Tanga aliwahi kushona sare za shule moja tu. Akaja mwalimu mkuu mpya, akataka bei ishuke nusu. Mama angefanya nini, na cherehani ni za mkopo? Aliendelea kumwamkia vizuri, akapunguza kidogo, na usiku akawa anashona sampuli za shule nyingine mbili. Hakugombana naye, wala hakumwamini tena. Mkinielewa hapo, mmeshaielewa Kanada.

Waziri mkuu, Mark Carney, alikuwa gavana wa benki kuu ya hapa, kisha ya Uingereza, na kabla ya kuwa waziri mkuu hakuwa ameshinda hata kiti cha udiwani. Mwanzoni mwa 2025 chama chake kilikuwa nyuma kwa zaidi ya pointi 20 kwenye kura za maoni. Trump akaongea, watu wakakasirika, pombe za Marekani zikaondolewa kwenye maduka ya serikali ya Ontario, na Aprili 28 chama kikashinda. Kiongozi wa upinzani, Pierre Poilievre, akapoteza hata kiti chake cha ubunge. Carney safari yake ya kwanza, Machi kabla ya uchaguzi, hakwenda Washington, alikwenda Paris na London, na aliporudi akasimama Iqaluit kule kwenye barafu kutangaza rada itakayojengwa kwa kushirikiana na Australia. Juni akasaini ushirikiano wa ulinzi na Umoja wa Ulaya. Hizo ndizo sampuli za usiku.

Wiki hiyohiyo Trump akanuna kuhusu kodi ambayo Kanada ilitaka kuzitoza kampuni kubwa za mtandao, akavunja mazungumzo, na Kanada ikaifuta siku moja kabla ya kuanza kuikusanya. Shikamoo mwalimu mkuu. Watu hapa wakasema tumeuzwa. Mimi sikuona kuuzwa, niliona mtu mwenye mkopo.

Kilichoniuma mimi ni Januari 2026. Carney kaenda Beijing, karudi na makubaliano: China inapunguza ushuru kwenye kanola, mbegu za mafuta ya kupikia, ya wakulima wa magharibi, na Kanada inaruhusu magari ya umeme ya Kichina hadi 49,000 kwa mwaka kwa ushuru wa asilimia 6.1, kutoka 100. Mkulima wa Saskatchewan kapumua. Mimi wa vipuri vya gari, je? Ukitafuta rafiki mpya kuna mtu nyumbani anayelipia, na safari hii foleni ilianzia mtaani kwetu.

Kuna aliyeandika kwamba nchi isiyo kubwa haina ubavu wa kuchagua marafiki. Kasome 1965. Ujerumani Magharibi ilitunyima Tanzania msaada wa kijeshi kwa sababu Wajerumani Mashariki waliruhusiwa kufungua ubalozi mdogo Dar. Mwalimu Nyerere akawaambia wachukue na msaada uliobaki. Waliokuja kufundisha jeshi letu baada ya hapo ni nani? Wakanada haohao.

Ila msidhani hasira za namna ya Trump ziko ng'ambo ya mto tu. Februari 2022 madereva wa malori na wenzao, wamechoshwa na masharti ya Uviko, walilifunga daraja hili karibu wiki nzima. Na nyumba zilipopanda bei, kidole kilielekezwa kwetu sisi wageni. Serikali ikasikia. Idadi ya wageni wa kupewa ukaazi wa kudumu kwa 2025 ikashushwa kutoka 500,000 hadi 395,000. Fedha ambazo mwanafunzi lazima aoneshe za kujikimu, mbali na ada na nauli, zilikuwa dola 10,000 za hapa, zikawa 20,635 mwaka 2024, na tangu Septemba 2025 ni 22,895. Kwa hiyo mama uliyeuliza, kabla ya Trump piga hesabu ya hiyo. Kanada haimezwi kesho. Mwanao anaweza kukwama kwenye taarifa ya benki hata kabla hajafika kwenye siasa.

Aje au asije? Sisemi. Kuna niliokuja nao wanafanya uuguzi, ushuru wanausikia redioni tu. Mimi ni mimi, na viwanda ni viwanda. Mtu asije kesho kusema "yule dada wa Windsor alinikatisha tamaa."

Mama nilimwombea viza ya kutembea, ikakataliwa. Eti hawakuridhika kwamba atarudi Tanga. Mwanamke ana cherehani tatu, wajukuu sita na kesi ya kiwanja, abaki huku kwenye theluji afanye nini?

Msimamizi kapita ananichungulia. Mlioniuliza bima ya gari, hiyo ni video nyingine, na mje na leso.